Shairi langu lilivyosomwa redioni Mpanda na kunifukuzisha kazi ya asali siku hiyo hiyo

Wakuu, kwema humu?

Jana kuna kijana alifungua uzi akauliza afanyeje: ana ajira yake, na moyoni anataka kuwa mshairi. Mkamshauri vizuri. Apange muda, aamke mapema, atenge siku ya kutunga. Nilisoma komenti zote nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja kuangalia nimepatwa na nini.

Mimi hivyo vitu viwili nilivibeba kwa pamoja. Miaka ya tisini, Mpanda, hata mkoa bado hatujawa.

Haya yalinipata mwenyewe, hakuna mtu aliyenisimulia. Na sehemu kubwa yananiaibisha mimi, kwa hiyo sina faida ya kuongeza chumvi.

Uandishi wangu mtauvumilia. Nimeishia darasa la nne na simu yenyewe kioo kimepasuka.

Halafu nitataja majina. Bosi aliitwa Sospeta. Nyapara aliitwa Kalisto. Mpumbavu mkubwa kuliko wote aliitwa Faustini, ndiye mimi. Kwa nini nataja majina mtaelewa huko mbele.

Twende.

Sospeta alikuwa na ghala la asali pale mjini. Warina asali wa Inyonga, ndugu zangu kabisa hao, wanaleta masega kwenye madumu. Sisi tunakamua, tunachuja kwa kitambaa, halafu makapi yanachemshwa na maji kwenye nusu pipa ili tupate nta.

Nusu pipa ndilo lilikuwa langu. Asubuhi mpaka jioni nakoroga kwa mti mrefu. Moshi machoni, nyuki kichwani. Nyuki wanafuata mali yao, na ukikaa ukafikiri kwa haki huwezi kuwalaumu.

Kama hujawahi kufanya kazi ya asali nikuambie kitu kimoja: haitoki. Iko kwenye nywele, iko masikioni, iko kwenye kitasa cha mlango wa nyumba yako. Mke wangu, Mama Joji, alinipangia kuoga nje kabla sijaingia ndani, na bado sisimizi walikuwa wanatufuata kitandani kama tumewaalika.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyetaka kuwa mshairi.

Ugonjwa niliupata redioni. Kulikuwa na kipindi cha mashairi mchana wa Jumamosi. Mtangazaji anasoma kwa kughani, sauti inapanda inashuka, na mwisho unasikia jina la mtunzi na kwao. Huyu wa Tanga, huyu wa Lindi, huyu wa Kilwa. Wa Mpanda hayupo. Kila Jumamosi nasubiri, wa Mpanda hayupo.

Nikajiambia basi huyo atakuwa mimi. Hakuna aliyenituma.

Nikaenda kwa fundi Ramadhani, mshona nguo, mtu wa Karema kule ziwani, alikuwa anashonea kibarazani karibu na soko. Yeye mashairi alikuwa anayajua tangu madrasa. Nikamsomea shairi langu la kwanza. Alisimamisha cherehani akanitazama kwa huruma.

"Bwana Faustini," akasema, "nyie watu wa bara shairi mnalifanya kama samaki. Mnameza na miba yake."

Lakini alinifundisha, siwezi kumsema vibaya. Mizani nane kwa nane, vina vya kati, vina vya mwisho. Halafu akanisisitizia hili, ndilo lililoniponza: "Beti ya mwisho lazima ujitaje. Jina lako, kwenu, kazi yako. Usipojitaja, mwingine atasema ni lake, na wewe utabaki unapiga kelele barabarani."

Nikalishika hilo kuliko yote. Nikatunga beti ya mwisho kabla sijatunga ya kwanza. Hii hapa:

Tamati nimeshafika, kalamu ninaituwa,
Faustini natamka, Mpanda nimezaliwa,
Kazi ninayotumika, asali ya kuchujiwa...

Mstari wa nne unabadilika kufuatana na shairi lenyewe. Ukweli nimezaliwa Inyonga, ila redioni nilikuwa nasubiri wa Mpanda, nikaiacha.

Mimi kutunga beti moja ilikuwa kama kurina mzinga bila moto. Kwa hiyo hiyo beti niliibandika kwenye kila shairi, kama mhuri wa mtendaji. Ndiyo maana mashairi yangu yote, yawe ya mapenzi, yawe ya mvua, yawe ya kumsifu mama mzazi, vina vyake ni ka na wa. Mengine sikuweza.

Tatizo la pili ni kuandika. Mikono ina asali, kalamu inanata, karatasi inaganda na kidole. Kwa hiyo kazini natunga kichwani, nakoroga na kuhesabu, mdomo unacheza. Kalisto nyapara akaanza kunichunguza.

"Unamlaani nani?"

"Simlaani mtu."

"Midomo inakwenda. Bosi anasema ukiongea juu ya nta inachafuka."

Hayo Sospeta hakuwahi kuyasema. Kalisto alikuwa na kawaida ya kutunga amri zake halafu anampa bosi umiliki. Nikifikiria sasa, yule naye alikuwa mtunzi, tena mwenye kipaji kunizidi.

Jioni inabidi nizibebe beti kichwani mpaka nyumbani, njia ya Kakese. Hapo ndipo penye msiba. Mnajua salamu za kwetu. Mtu hakuulizi hujambo akapita. Anauliza habari za kazi, za nyumbani, za watoto, za mahindi, za mgonjwa wenu wa mwaka juzi. Ukimaliza kuitika, beti imekwenda. Kuna mzee mmoja jirani, mtu mwema sana, alinifutia shairi zima la mvua kwa kuuliza habari za mbuzi.

Nikaanza kukwepa watu. Nikaacha barabara, nikawa napita nyuma ya mashamba ya mahindi, nanong'ona peke yangu. Wiki haikuisha Mama Joji akaletewa habari kwamba mume wake amerukwa na akili au anakwenda kwa mwanamke.

"Sema moja," akaniambia. "Nijue nilie kilio kipi."

Nikamwambia ni mashairi. Akasema bora angekuwa mwanamke, kwa sababu mwanamke mtu unaweza kwenda kumtukana.

Nyumbani nikishaandika, karatasi nazianika kwenye kamba na vibanio vya nguo ili sisimizi wasizifikie. Mgeni akiingia anakuta mashairi yananing'inia kama dagaa. Nikatuma moja, nikatuma lingine. Hakuna lililosomwa. Dada wa posta alikuwa anazipokea bahasha zangu kwa ncha za vidole.

Hayo ni maisha yangu ya kupanga muda, kijana. Sasa tufike kwenye lenyewe.

Kulikuwa na mama tunafanya naye kazi, Mama Eliza, mjane wa Kakese. Kazi yake kukamua magunia ya masega yakitoka kwenye pipa langu. Mtu wa utani sana. Mimi aliniita Mheshimiwa kwa sababu ya hayo mashairi.

Nusu pipa lilikaa juu ya mafiga matatu ya mawe. Jiwe moja lilikuwa limepasuka. Mama Eliza alilisema kwa Kalisto. Kalisto akasema amelifikisha kwa bosi. Bosi akasema mawe yamejaa Mpanda nzima, nani amemzuia mtu kuokota. Kila mtu akasubiri mwingine aokote, na mimi nimo, nilikuwa natafuta kina cha ka.

Siku hiyo jiwe likaachia. Pipa likalala upande wake. Nta ya moto ikamshika mkono wa kulia, kutoka kiwiko mpaka vidole. Nta si maji, wakuu. Maji yanamwagika yanapita. Nta inakaa.

Sospeta akatoka ofisini. Aliangalia kwanza pipa. Halafu akamwangalia mama. Tukasema bosi, toa gari apelekwe hospitali. Gari lipo pale limeegeshwa.

Akasema, kwa upole kabisa kama mtu anayetoa zawadi, "Hospitali ya nini? Asali ni dawa. Mpakeni tu asali, kesho atakuwa sawa."

Kalisto akachota kwenye dumu. Na sisi tukampaka. Mama Eliza akarudi Kakese kwa miguu na mkono wake umeng'aa.

Wiki zikapita hajarudi kazini. Nikaenda nyuma ya mahindi nikatunga, safari hii sikutafuta kina, vilikuja vyenyewe. Beti ilianza hivi:

Nta ilipochemka, pipa likapindukia,

Fundi Ramadhani akasema mwisho wake haukai na wenzake, akanipa siku mbili, nikarudi na hii:

Nta ilipomwagika, mkono ukaunguwa,
Mama mmoja kashika, kilio akizidiwa,
Bosi naye katamka, asali nayo ni dawa,
Mpakeni tu asali, kesho atakuwa sawa.

Beti nyingine nilisema bosi huyo redio yake imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, wakati mkono wa mama haukupata hata tambara. Hiyo nayo ilikuwa kweli tupu.

Ramadhani alihesabu kwa kukanyaga pedali ya cherehani, beti zote, mpaka mwisho. Akasema, "Sasa hili limekaa."

Mama Joji ndiye alikuwa na akili. Akasema, "Litume. Ila jina lako lisionekane popote. Ukifukuzwa tutakula vina?"

Nikaona ana haki. Juu ya bahasha nikaandika tu Mwananchi, Mpanda. Bahasha akaipeleka posta yeye mwenyewe, mikono mikavu, ili dada wa posta asiitambue kwa kunata. Nikajiona jasusi. Nilikuwa nakoroga nta natabasamu.

Nadhani wenye kasi mmeshaona.

Jumamosi moja tuko ghalani. Sospeta alipenda kile kipindi, alikuwa anasema kinamkumbusha shule. Redio iko dirishani na kitambaa chake cheupe, yeye kwenye kiti anachokonoa meno, sisi tunakula mihogo chini. Mtangazaji akasema shairi linalofuata limetoka Mpanda.

Nikaacha kutafuna.

Akaanza kughani. Wakuu, sijui niwaelezeje. Maneno yangu, yaliyokuwa yananing'inia na vibanio, yanatoka kwenye redio kwa sauti ya mtu wa Dar es Salaam. Nilitazama chini nisije nikajionyesha.

Sospeta akacheka. Alicheka kweli, mpaka kijiti kikadondoka.

"Huyo ni yule mnunuzi mwenzangu wa kule stesheni," akasema. "Namjua. Roho yake ndivyo ilivyo."

"Ni yeye kabisa, bosi," Kalisto akasema, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Kalisto alikuwa amejua. Yeye ndiye aliyechota ile asali.

Beti ya kitambaa ikaja. Sospeta anatingisha kichwa, mkono wake umelala juu ya redio, juu ya kitambaa chenyewe. "Watu wengine," akasema. "Mtu unamnyima mfanyakazi wako daktari."

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho sijakisahau. Hakuwa anaigiza. Hakukumbuka. Kwake ile siku ilipita kama siku nyingine, pipa lilianguka, akatoa dawa, basi.

Halafu mtangazaji akavuta pumzi.

Tamati nimeshafika, kalamu ninaituwa,
Faustini natamka, Mpanda nimezaliwa,
Kazi ninayotumika, asali ya kuchujiwa,
Mpakeni tu asali, kesho atakuwa sawa.

Mhuri wa mtendaji. Niliubandika bila kufikiri, kama kila siku. Fundi alihesabu mizani yake na akaona iko sawa. Shairi lisilo na jina kwake lingekuwa na kasoro.

Sasa mnafikiri nilifanya nini? Nilikimbia? Nilikana?

Nilisimama. Nimeshika muhogo. Nikasema, "Ni mimi huyo."

Tena kwa furaha. Miaka yote ile nasubiri wa Mpanda atajwe, na ametajwa, na ni mimi. Kazi, mke, mtoto, vyote vilinitoka kichwani kama beti ikipigwa salamu.

Sospeta akazima redio. Taratibu sana.

"Ni wewe?"

"Ndiyo, bosi."

"Hebu rudia."

Wakuu, nikarudia. Nilidhani amependa. Nilighani lote, beti kwa beti, kwa sauti ile ile ya mtangazaji, na mkono nanyoosha. Wenzangu wamefunika nyuso. Nilipofika kwenye kitambaa nilikionyesha kwa kidole.

Nilipomaliza akasema, "Umeghani vizuri. Sasa kaghanie nje ya geti, na kesho usirudi."

Kalisto akanifuata mpaka getini. Nikajua anakuja kuniaga.

"Buti," akasema. "Buti ni za bosi."

Basi mshairi wa kwanza wa Mpanda kusomwa redioni, kwa ninavyojua mimi, alirudi kwao peku.

Siku hiyo nilipita barabarani. Watu walikuwa wamesikia. Malenga, malenga, shikamoo malenga, hata watu wazima. Nikaitikia salamu zote, za mbuzi, za mahindi, sikuwa na beti yoyote ya kupoteza. Nilifika nyumbani Mama Joji keshaambiwa. Aliniangalia miguu tu akaingia ndani kupika.

Ule mstari wa mwisho ukashika mji. Mtu akijikwaa sokoni, mpakeni tu asali. Baiskeli ikipata pancha, mpakeni tu asali. Sospeta akipita, watu wanakohoa. Mwisho alichoka. Akatoa gari mchana kweupe, akapiga honi kutoka mjini mpaka Kakese ili kila mtu aone, akamchukua Mama Eliza akampeleka hospitali. Walichelewa. Kidonda kilipona, ila vidole viwili havikukunjuka tena.

Aliporudi nikaenda kumtembelea. Niseme ukweli, nilikwenda kuchukua shukrani. Nilishamweleza Mama Joji kwamba pengine watatuwekea kuku.

Nilimkuta anamenya karanga kwa mkono wa kushoto.

"Karibu, Mheshimiwa. Kaa."

Nikakaa. Hakusema lolote kuhusu shairi. Nikavumilia, nikashindwa.

"Ulilisikia, mama?"

"Nililisikia. Kwa jirani. Tulikuwa wengi."

"Ulilionaje?"

"Zuri. Mpaka nikalia." Akamenya karanga mbili tatu. "Jina lako nililisikia vizuri sana."

"Ndiyo."

"Langu sikulisikia."

Nikamwambia nilificha kwa ajili yake, nilikuwa namlinda.

"Ulikuwa unanilinda na nani?" Hakupandisha sauti, alikuwa na ule utani wake wa siku zote. "Mkono si umeshaungua? Sasa watu wanakuja hapa wananisimulia. Wanasema, kuna mama mmoja aliungua, Faustini kamtungia. Wananisimulia mimi. Mimi nawaambia, huyo mama pole yake."

Akapuliza maganda ya karanga.

"Au jina langu halikutosha kwenye huo wimbo wako? Ni refu?"

"Sijui, mama. Sikulipima."

"Kalipime."

Akanifungia karanga kwenye kanga, nikaondoka.

Nikarudi na njia ya nyuma ya mahindi, nahesabu kwa vidole kama mtoto wa chekechea. Mama mmoja: ma, ma, m, mo, ja. Tano. Mama Eliza: ma, ma, e, li, za.

Tano.

Halikuwa limepungua wala kuzidi. Lingekaa pale pale, hata fundi Ramadhani asingekanyaga pedali mara ya pili.

Nililiandika upya nikatuma tena redioni, nimebadilisha neno hilo moja tu. Halikusomwa. Nikatuma tena, kimya. Nadhani walisema huyu wa Mpanda tumeshamsoma.

Baada ya hapo nikapata kibarua cha kupakua mizigo stesheni, treni ikija kutoka Kaliua. Magunia hayanati, na mashairi niliendelea kuyatunga. Hakuna hata moja lililosomwa mpaka leo. Sospeta alihamia mji mwingine akatajirika zaidi, hilo mkilijua halitawashangaza. Kalisto ni mzee wa kanisa. Mama Eliza alishafariki, na msibani walisoma wasifu wake, wakasema aliwahi kufanya kazi ya asali. Basi, wakaendelea.

Kijana wa jana, ushauri wangu sina mwingi. Kazi na ushairi vinakaa nyumba moja, ila vitakuumbua, na sehemu kubwa ya kuumbuka utajitakia. Ukiandika juu ya mtu, mweke kwa jina lake kama yeye anataka. Muulize. Mimi nilijua kujitaja mwenyewe tu, nikasahau kwamba asiyetajwa naye anasikiliza redio kwa jirani.

Kwa kuwa redio ilikataa, naliweka hapa, haya majukwaa hayana mhariri:

Nta ilipomwagika, mkono ukaunguwa,
Mama Eliza kashika, kilio akizidiwa,
Bosi naye katamka, asali nayo ni dawa,
Mpakeni tu asali, kesho atakuwa sawa.

Wajuzi wa mizani hesabuni, na kama kuna mtu humu wa Kakese aliyemfahamu, aseme neno. Nipo, nasoma komenti zote, hata za matusi.